Sarafu Waachieni Wengine, Nyinyi Andikeni Maelezo

Hapa Muheza, vijana wakijua kwamba unaandika magazetini na unaelewa kidogo mambo ya kompyuta, hawakosi kukuuliza: mzee, ninunue sarafu gani? Kijana amesikia Bitcoin imepanda, ameona picha ya mtu aliyeegemea gari, na ana laki mbili za msimu wa machungwa mfukoni. Jibu langu ni lile lile kwa kila anayeuliza. Usinunue yoyote. Kama blokcheni inakuvutia kweli, chagua mradi mmoja wa chanzo huria, uingie kwa kuandika maelezo yake ya matumizi.

Wengi huona nimewakwepa. Maelezo ya matumizi! Kile kikaratasi cha ndani ya boksi la redio, chenye Kichina upande mmoja na Kiingereza kibovu upande wa pili, ambacho hutupwa kabla betri haijawekwa? Ndiyo, hicho hicho. Sababu ninazo.

Blokcheni, kwa asiyeifahamu, ni kumbukumbu ya miamala ambayo nakala yake hukaa kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Miamala hukusanywa kwa mafungu, kila fungu likabeba alama ya kihesabu ya fungu lililotangulia, kiasi kwamba anayejaribu kubadilisha jambo la mwaka jana anaumbuliwa na kila kilichofuata. Hakuna ofisi kuu wala meneja wa tawi. Bitcoin, iliyoanzisha haya yote, ilitangazwa kwa waraka wa kurasa 9 Oktoba 31, 2008, na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto; fungu lake la kwanza ni la Januari 3, 2009. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuusoma, kuunakili, kuubadilisha, hata kuuza alichokijenga juu yake.

Mradi wa namna hii una sehemu mbili: msimbo, unaosomwa na kompyuta, na maelezo, yanayosomwa na binadamu. Mara nyingi vyote viwili huwekwa kwenye ghala la aina moja mtandaoni na hurekebishwa kwa utaratibu mmoja. Unachukua nakala, unarekebisha, unatuma ombi kwamba marekebisho yako yaingizwe. Watunzaji wa mradi wanasoma, wanahoji, wanakubali au wanakataa, na majibizano yote yanabaki hadharani pamoja na jina ulilotumia. Hakuna anayekuuliza cheti, wala Muheza iko wapi. Faili lenyewe ni maandishi matupu, dogo kuliko picha moja ya harusi inayorushwa WhatsApp, kwa hiyo bando la siku linatosha. Kijana aliyemaliza chuo na ambaye barua zake za kuomba kazi hazijibiwi, sijui pengine ambapo kazi ya mikono yake itasomwa na wahandisi wa nchi tano bila kupitia kwa mjomba wa mtu.

Na nafasi ipo, tena kubwa. Mhandisi aliyejenga pochi ya kidijitali, yaani programu ya kutunzia sarafu hizi, hawezi tena kuiona kama mgeni anavyoiona. Hatua inayokukwamisha wewe dakika ishirini, yeye aliiruka miaka mitatu iliyopita na hakumbuki kwamba ni hatua. Ndiyo maana katika kazi hii ugeni ni mtaji: anayekwama leo ndiye anayejua pa kuandika kesho, alimradi aandike kabla hajazoea.

Daniele Procida, ambaye amefanya kazi kubwa na jumuiya za lugha ya kompyuta ya Python barani humu tangu makongamano ya mwanzo ya Namibia, amegawa maelezo ya programu katika aina nne. Kuna somo la kumshika mgeni mkono, kuna mwongozo wa kutimiza kazi fulani, kuna marejeo ya kutazama jambo moja na kuondoka, na kuna ufafanuzi wa kwa nini mambo yako yalivyo. Mgawanyo huu umeenea sana miongoni mwa waandishi wa kazi hiyo. Wenzetu wanaotumia Django, programu huria inayosifika kwa maelezo yake kuliko hata kwa msimbo wake, walikutana Zanzibar Novemba 2023 kwenye kongamano la Afrika. Kwa hiyo mambo haya hayako mbali nasi, ni boti moja tu kutoka Tanga.

Miradi ya blokcheni niliyoipitia ina ufafanuzi mwingi kupita kiasi, mwingine ni mahubiri matupu ya jinsi dunia itakavyobadilika. Ina marejeo ya kutosha kwa wahandisi. Inachokosa ni mwongozo wa mtu wa kawaida mwenye kazi ya kawaida, na zaidi ya hapo inakosa aina ya tano ambayo Procida hakuihitaji na sisi tunaihitaji: maelezo ya hatari. Ningekuwa na mamlaka, ningeagiza yawe ukurasa wa kwanza.

Chukua jambo moja tu. Pochi nyingi za kidijitali, unapozifungua mara ya kwanza, hukupa maneno 12 au 24 na kukwambia uyaandike mahali salama. Maneno hayo ndiyo ufunguo wenyewe. Simu ikiibwa stendi au ikitumbukia kisimani, unanunua nyingine, unaingiza maneno yale kwa mpangilio ule ule, na mali yako inarudi. Ukiyapoteza, imekwisha. Mtu mwingine akiyapata, imekwisha vilevile. Utaratibu huu uliandikwa mwaka 2013, unaitwa BIP-39, na maneno huchaguliwa kutoka orodha maalumu yenye maneno 2,048. Ipo orodha ya Kiingereza, ya Kijapani, ya Kikorea, ya Kihispania, ya Kichina kwa maandishi ya namna mbili, ya Kifaransa, ya Kiitaliano, ya Kicheki na ya Kireno. Ya Kiswahili haimo kati ya hizo, na wahandisi wenyewe wanashauri kila mtu atumie ya Kiingereza kwa kuwa pochi nyingi hazitambui nyingine.

Sasa msogeze mkulima wa Lusanga mbele ya skrini hiyo. Katika orodha ya Kiingereza yamo "orange", "mango", "lemon" na "coconut", yaani karibu shamba lake zima. Anapewa "orange", naye anaandika kwenye daftari "chungwa", maana ndilo analolijua na ndilo linalomsomeshea watoto. Hilo huenda atalirudisha siku ya shida, chungwa ni chungwa. Lakini neno lililofuata aliliandika "furaha". Miaka miwili baadaye, simu imekufa, daftari liko mkononi, atarudi na lipi: "happy", "glad" au "joy"? Yote matatu yamo kwenye orodha. Fedha zake zipo, kila kompyuta duniani inaziona, na hakuna wa kumfungulia.

Sentensi moja ingemwokoa: andika kila neno kama lilivyo kwenye skrini, herufi kwa herufi, kwa mpangilio wake, usilitafsiri, usipige picha, usimpe mtu hata akijitambulisha kuwa huduma kwa wateja. Sentensi hiyo hutaikuta kwenye maelezo ya Kiingereza, angalau ile sehemu ya kutotafsiri, kwa sababu mwandishi wa San Francisco hawezi kuota kwamba msomaji wake atatafsiri. Nani atafsiri Kiingereza kwenda Kiingereza? Na kwa kuwa haimo kwenye maelezo ya Kiingereza, mfasiri, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuileta. Anayeweza kuiandika ni mtu aliyekaa na mkulima yule akaona kalamu inaelekea wapi. Hoja yangu yote imesimama hapo: tunachohitaji ni watu wanaoandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, baada ya kujaribu kitu chenyewe mahali hapa, na tafsiri ije baadaye kusaidia.

Kuna jambo lingine ambalo maelezo ya kigeni hayawezi kulijua. Sisi tumelelewa na fedha za simu. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, na katika muda huo Mtanzania amejifunza tabia moja ambayo ni nzuri kule na ni sumu huku: ukikosea namba, piga simu huduma kwa wateja haraka, muamala unaweza kuzuiwa. Kwenye blokcheni hakuna wa kumpigia. Muamala ukishathibitishwa umethibitishwa, na anwani uliyoitumia huenda haina hata mwenyewe. Atakayejitokeza WhatsApp akisema anaweza kuurudisha ni tapeli, bila hata kumsikiliza zaidi. Kwa maana hiyo kurasa za maelezo zinabeba kazi ya kituo kizima cha huduma kwa wateja, zinaifanya kabla ya kosa kutokea, na zikiwa mbovu hakuna pa kukata rufaa.

Si kwamba kila kitu ni kigeni kwetu. Miradi mingi ina pochi ya saini nyingi, ambayo fedha hazitoki mpaka watu kadhaa waidhinishe, na nimesoma kurasa ndefu za Kiingereza zikihangaika kuieleza. Mama yeyote wa kikoba anaielewa kabla hujamaliza sentensi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambavyo mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanashika wanachama watatu tofauti. Pochi ya saini nyingi ni sanduku hilo. Mwandishi mvivu ataishia hapo na kujipongeza. Mwandishi mzuri ataendelea kuonyesha mfano unapokatikia: sanduku la kikoba linadai funguo zote tatu, wakati pochi inaweza kupangwa ifunguke kwa mbili kati ya tatu, na mpango huo huchaguliwa mwanzoni. Halafu ataandika lile ambalo kikundi hakiwezi kulikisia. Mshika ufunguo akifariki, kikundi huita fundi, kufuli inakatwa mbele ya wote, na maisha yanaendelea. Kwenye pochi inayodai saini zote tatu, fundi huyo hayupo. Mtoto wa marehemu asipojua maneno 12 yako wapi, akiba ya kikundi kizima imezikwa naye. Swali la kuandika basi ni: kikundi kifanye nini siku ya kwanza ili msiba usiwe hasara mara mbili? Ukurasa huo naungoja.

Nikiambiwa haya ni ya Ulaya, huwa naonyesha kaskazini. Ukivuka Horohoro ukaingia Lunga Lunga, uko Kwale, na huko bara ya Kinango kuna vikundi vya wanawake ambavyo vimetumia blokcheni bila kujali inaitwaje. Habari yenyewe ilianzia mtaa wa Bangladesh, Mombasa, Mei 2013, kwa vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Wafanyabiashara wadogo walipeana kwa ajili ya bidhaa na huduma pale shilingi zilipoadimika. Hazikumaliza mwezi kabla polisi hawajaingia. Mwanzilishi, Will Ruddick, na wenzake watano walikamatwa, kukawa na tuhuma za kughushi na hata maneno ya kuwahusisha na kundi la MRC lililodai pwani ijitenge. Mashtaka yakafutwa baadaye mwaka huo huo. Tuliangalie hilo kwa utulivu. Watu waliotumia vocha walielewa kabisa wanachofanya. Waliokuwa nje ya kikundi hawakuelewa, na kwa kuwa ilifanana na fedha, walisoma walichojua kusoma.

Ruddick na shirika la Grassroots Economics waliendelea, vocha zikahamia kwenye simu, chini yake ikawekwa blokcheni yenye msimbo huria, na mtandao ukaitwa Sarafu. Mtumiaji hakuhitaji simu janja. Kitochi kilitosha: nyota, tarakimu, reli, kisha menyu. Wakati wa korona Msalaba Mwekundu wa Kenya uliungana nao, na kumbukumbu za miamala tangu Januari 2020 hadi Juni 2021, za akaunti kama 40,000, zikatolewa wazi kwa watafiti bila majina ya watu. Kinango na mtaa wa Mukuru jijini Nairobi ndizo zilizokuwa na shughuli kubwa. Mimi si shabiki wa kila kitu cha Sarafu, na mjadala wa kama vocha za kijamii zinapunguza umaskini au zinauzungusha tu haujaisha. Ninachokiona ni kwamba mfumo uliowafikia watu wengi kiasi hicho ulipita kwenye menyu fupi za Kiswahili na mikutano ya vikundi chini ya mti. Menyu zile ni maelezo. Mtu alikaa akapima kila neno liingie kwenye skrini ya kitochi, na huyo alifanya kazi ngumu kuliko nyingi za wahandisi.

Upande wetu wa mpaka, serikali imekwenda kwa kurudi na kusogea. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini na kuwataka wasijihusishe nazo. Juni 13, 2021, akizindua jengo la Benki Kuu jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo badala ya kukutwa nayo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka zuio la kodi la asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Naona hapa kichekesho kidogo. Kodi imeshafika, na mwaka 2021 Bunge liliamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, lakini kitu chenyewe kinachotozwa kodi bado kinaelezwa zaidi kwa Kiingereza, au na matapeli, ambao Kiswahili chao ni fasaha sana.

Matapeli hao tunawajua. Upatu wa DECI haukuhitaji blokcheni mwaka 2009. Ulihitaji maneno matamu ya kupanda na kuvuna, na watu wakapanga foleni na akiba zao. Uganda wakapata Dunamiscoins mwaka 2019, safari hii maneno matamu yakivaa jina la sarafu. Kenya, Agosti 2023, maelfu walijipanga Nairobi kupigwa picha za mboni kwa ajili ya mradi wa Worldcoin, wakitarajia tokeni, yaani sarafu za mradi wenyewe, zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za huko, mpaka serikali ikasimamisha. Mahakama Kuu ikaja kuagiza mwaka 2025 taarifa hizo za miili ya watu zifutwe. Kiini cha kesi kilikuwa ridhaa: je, mtu ameridhia kitu ambacho hakuelezwa kikaeleweka? Swali hilo kila mwandishi wa maelezo analijibu, atake asitake, kila anapoandika kitufe kinafanya nini.

Nirudi kwenye kuandika, maana hapa Muheza si jambo jipya. Nje kidogo ya mji, pale Magila, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na mtambo wa kuchapa, na katika miaka ya 1890 kukatoka hapo Habari za Mwezi, moja ya majarida ya mwanzo kabisa ya Kiswahili upande wa bara. Misheni hiyo ndiyo iliyochapa pia kitabu Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, sehemu kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Tanga nayo ikapata gazeti la Kiongozi, lililotoka shule ya serikali ya Wajerumani. Mtambo ulikuwa wa wageni na nia zao walikuwa nazo. Hata hivyo Abdallah bin Hemedi hakukaa kutafsiri kitabu cha mtu wa Oxford. Aliandika mambo ya Usambara aliyoyaona na kuyasikia, kwa mpangilio wake na lugha yake, na ndiyo maana waliofuata walilazimika kumtafsiri yeye: Kiingereza cha kitabu hicho kilitoka 1963. Reli ilikuwa imeshafika Muheza mwaka 1896. Mtu aliyeishi hapa wakati huo aliona mitambo miwili mipya kwa mkupuo mmoja, na mmoja wao wenyeji waliutia maneno yao.

Majaribio ya karibuni zaidi yana somo gumu. Mwaka 2004 idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wa Uswidi, ilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, matunda ya mradi wa Kilinux. Microsoft ikafuata na Kiswahili chake mwaka uliofuata. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini ingia leo ofisi yoyote ya kata, uulize nani anatumia kompyuta yenye menyu za Kiswahili. Maelezo hayaandikwi mara moja yakatundikwa ukutani. Programu hubadilika, kitufe kinahama, na ukurasa uliokuwa kweli mwaka jana leo unampeleka mtu shimoni. Kwenye fedha, ukurasa uliochakaa ni hatari kuliko ukurasa ambao haupo.

Ethereum, blokcheni nyingine kubwa, ina tovuti yake ya maelezo kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, kwa kazi ya kujitolea. Nawapongeza waliofanya. Hofu yangu iko kwa anayekagua. Agosti 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya lugha ya Kiskoti, makala zaidi ya 20,000, ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, kwa miaka, bila mtu kumzuia, kwa sababu wenye lugha hawakuwepo mezani. Siku hizi si lazima awe kijana. Mashine inatoa Kiswahili kinachopendeza machoni kwa sekunde, mtunzaji wa mradi aliyeko Zurich hana namna ya kupima, anabonyeza kukubali. Ndani yake neno la kulipa makato limegeuka kuwa adhabu, na "tuma" limekaa mahali pa "pokea". Kwa hiyo nasema msiende peke yenu. Nendeni wawili: mmoja aandike, mwingine akae na simu ya bei ndogo, mtandao ukikatikakatika kama unavyokatika ukipanda Amani, afuate maandishi neno kwa neno bila kuuliza. Anapokwama, maandishi ndiyo yenye kosa.

Mtakutana pia na vishawishi. Oktoba 2020 mashindano ya Hacktoberfest, yaliyoahidi fulana kwa wanaochangia miradi huria, yalifurika maombi ya takataka: mtu anaongeza neno moja la kusifu kwenye ukurasa, anadai fulana. Waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni katikati ya mchezo. Kwenye blokcheni kishawishi ni kikubwa kuliko fulana. Februari 2024 mtandao wa blokcheni wa Starknet ulipogawa tokeni zake, sehemu ilikwenda kwa watu waliowahi kuchangia miradi mikubwa ya chanzo huria. Wajanja wakapiga hesabu: koma moja leo huenda ikawa fedha kesho. Watunzaji wanalijua hilo, na ukianza kwa kusahihisha koma za watu utawekwa kundi hilo, jina lako likibaki hadharani pamoja na koma zako. Anza na jambo lililokukwamisha kweli.

Na malipo? Mara nyingi hakuna. Sitamdanganya kijana mwenye kodi ya chumba. Google ilianzisha mwaka 2019 mpango wa Season of Docs wa kugharimia waandishi wa maelezo ya miradi huria, na baadhi ya taasisi za blokcheni hutoa ruzuku, lakini anayekuja kwa ajili hiyo peke yake atachoka mapema. Anachopata ni ujuzi wa kuandika kwa usahihi, ushahidi wa kazi unaoonekana na yeyote, na watu wanaomjua. Mradi ukitaka kukulipa kwa tokeni zake wenyewe, omba shilingi au dola; wakikataa, uliza kwa nini wao hawataki tokeni zao zibaki kwao. Na kama mradi hauko tayari kuweka ukurasa wa hatari kwenye maelezo yake, ondoka. Huo unatafuta mpiga debe.

Nawaomba basi walimu wa kompyuta wa sekondari zetu na wa vyuo vya ufundi, Muheza na Tanga mjini: mpeni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya kuchagua mradi mmoja huria na kuandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja unaojibu swali "nikipoteza simu nifanye nini?". Aujaribu na mtu wa nyumbani kwao asiyejua kompyuta, aurekebishe, autume kwa watunzaji, na miezi sita baadaye arudi kuangalia kama bado ni kweli. Msahihishieni kama mnavyosahihisha mtihani, na mkimpa alama, msimpe kwa ukurasa kukubaliwa. Mpeni kwa yule mtu wa nyumbani kufika mwisho bila kupoteza senti.